Msiniondolee mablanketi mu mizigo ya Swakopmund

Jumapili tulikutana kwa yaya, mkubwa wangu, kupanga vakansi ya mwezi wa saba ya Swakopmund, mji wa pwani kule Namibia. Tuko watu kumi na mmoja, mutuka mbili, na yote yalikuwa yanaenda vizuri mpaka shemeji akashika listi ya mizigo akaanza kufuta. Akafuta mablanketi sita, akafuta na turubai la pili, pale pale akaandika kreti mbili za vinywaji na maboya ya watoto ya kuogelea. Eti tunaenda ku bahari, tena bahari iko jangwani, nani anabeba mablanketi jangwani? Na watu wakakubali! Sikujibu kitu kwa heshima ya mama, alikuwa amekaa pale, lakini tangu siku ile moyo haujatulia njo maana naandika.

Mtu wa Lubumbashi ukimwambia bahari anawaza Kalemie, anawaza Moba, maji ya ziwa Tanganyika ambayo unaingia asubuhi na mtoto mkononi na hakuna anayelia. Tunakoenda siko huko. Pwani ya Namibia inapigwa na mkondo wa Benguela, maji yanatoka huko kusini kabisa, halafu upepo unasukuma yale ya juu yaende mbali na nchi kavu na yale ya chini, yenye baridi kali, yanapanda kuchukua nafasi. Mara nyingi ni digrii 14 mpaka 18. Hewa ikipita juu ya maji kama hayo inapoa na kugeuka ukungu, ukungu unaingia mpaka mchangani, na mvua karibu haipo kabisa. Kwa hiyo shemeji, jangwa unalolitaja lipo kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Baridi na jangwa vya pale ni watoto wa tumbo moja.

Mwaka juzi nilienda na mke wangu na binti yetu, alikuwa na miaka sita. Kutoka Otjiwarongo tulikuwa na madirisha wazi, jua kali, mtoto amevaa singlendi. Tulipopita Arandis tukaona mbele kitu cheupe kimelala chini upana wote wa barabara, nikafikiri ni moshi wa majani yanayoungua. Ulikuwa ukungu. Ndani ya dakika chache taa zimewashwa, madirisha yamefungwa, mtoto anaomba pulova. Tulipiga hema upande wa Henties Bay, mahali pa kampingi pazuri, tukapika bukari (ugali), tukalala.

Saa tisa usiku akaniamsha, "Papa, mvua inanyesha mu hema." Nikawasha tochi ya simu. Nje hakuna hata tone moja la mvua. Pumzi zetu zilikuwa zimegeuka maji ku plastiki ya juu, na kwenye ule mshono wa katikati matone yamejipanga mstari, moja moja linaanguka ku matela (godoro), matela imelowa, blanketi moja tulilokuwa nalo limelowa upande wa miguu. Vidole vya miguu yake nilivishika nikashtuka, vilikuwa kama samaki wa friji. Nikamvua soksi, nikamfunga ndani ya koti langu, tukaenda kukaa mu mutuka moteri ikiwaka mpaka saa mbili asubuhi, na saa mbili hiyo jua halikutoka. Lilitoka saa sita.

Najua mtaniambia baridi hata kwetu iko. Ndiyo iko, mwezi wa sita na wa saba tunaamka tunakumbatia mbabula, jiko letu la makala (mkaa), mtoto anaenda kutafuta mkate amejifunika kitenge mpaka masikio. Lakini ya kwetu ni kavu, saa nne jua limekausha kila kitu na nguo ziko ku kamba. Ile ya kule inaingia mu matela, mu unga, mu kiberiti, na kitu kikishalowa usiku wa kwanza kinabaki vile mpaka urudi.

Na hapa niongee na roho yangu yote kwa sababu hata hili lilisemwa Jumapili, kwamba baridi ikizidi tutaingiza mbabula mu hema. Hapana. Hapana kabisa. Makala ikiwaka mahali pamefungwa inatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, watu wanasinzia na hawaamki. Tuna watoto watano mu hiyo safari. Mbabula itakaa nje, mbali na mlango, na atakayeiingiza nitaitoa kwa mikono yangu, hata kama ni mkubwa wangu.

Dawa ni mablanketi, na mengi yanatandikwa CHINI, juu ya mkeka, kwa sababu ardhi njo inayokula joto la mtu. Madirisha mawili ya hema yanabaki wazi kidogo, moja kila upande, pumzi zipate pa kutokea, najua inaonekana kama kichaa kufungua dirisha mu baridi lakini njo inavyofanya kazi. Turubai la pili tunalifunga kati ya mutuka mbili upande wa upepo, maana mchana upepo wa baharini unapiga bila huruma na hema linavuma usiku kucha.

Shemeji ana haki ku kitu kimoja, nakubali. Miezi hii hii ya baridi kuna siku upepo unageuka, unatoka mashariki, unashuka kutoka jangwani na mchanga, na ghafla pwani inapita digrii 30. Siku hiyo atavaa bermuda yake na sitasema kitu. Ila hatuwezi kupanga siku kumi kwa ajili ya siku moja.

Mengine kwa haraka. Nyama mbichi ya ng'ombe na mbuzi msibebe, baada ya mji wa Rundu kuna uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo na pale kituoni wanaichukua. Kadi ya homa ya manjano kila mtu na yake, hata mtoto. Mbuga ya Bwabwata tunapita mchana, tembo wanavuka barabara. Barabara ya chumvi ya kutoka Henties Bay kwenda Cape Cross ikilowa ukungu inateleza kama sabuni, taratibu. Na kuogelea ni pale Swakopmund ku Mole tu, ule ukuta wa mawe Wajerumani walijenga kati ya 1899 na 1903, maji kwa magoti, dakika chache, halafu taulo.

Mtauliza basi kwa nini nawapeleka. Kwa sababu ya baridi yenyewe! Yale maji yanayopanda kutoka chini yanabeba chakula, njo maana samaki wamejaa kule. Tomson tunayokaanga hapa, ile ya makartoni iliyogandishwa, nyingi inatoka ku bahari ile ile, inapanda barabara ile ile ambayo makamio (malori) ya shaba yetu yanashukia Walvis Bay. Nataka watoto waone inakotoka. Nataka wafike Cape Cross, wasikie maelfu ya sili, wale wanyama wa baharini, wakilia kama mbuzi, na harufu yake kali pia, na waone mahali Diogo Cão, baharia Mreno, alisimamisha msalaba 1486, mtu yule yule aliyefika mdomo wa mto wetu Kongo 1482. Binti yangu pamoja na usiku ule wote bado anaongea juu ya wale sili, na ameomba turudi.

Jumamosi hii saa kumi na mbili jioni tunapiga mahema yote mawili nyuma ya nyumba yangu, nimeshaongea na yaya. Tutamwagia maji kwa mpira mpaka yalowe vizuri, halafu watu wazima wanalala ndani mpaka asubuhi, na blanketi moja moja. Shemeji nimemwekea nafasi upande wa mlango. Listi itakuwa ku meza ya jikoni na kalamu juu yake.