Smashi Iliyotoka na Mpini Wake

Kwenye padeli, ule mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili uwanja ukiwa umezungushiwa kuta za vioo na wavu wa chuma, kuna pigo linaloitwa por tres. Unapiga smashi, yaani unaushindilia mpira kutoka juu ya kichwa, mpira unadunda upande wa wapinzani, unaruka juu ya wavu wa chuma wa pembeni wenye kimo cha mita 3, unatokomea nje ya uwanja. Wenzako wanabaki kutazamana. Arturo Coello, yule Mhispania mrefu anayetumia mkono wa kushoto, hulipiga bila hata kukunja uso. Mimi nililitaka kwa udi na uvumba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenitia maneno. "Shemeji, wewe unacheza upande wa kushoto wa uwanja, na kushoto ndiko kwa kumalizia watu. Sasa na hiyo raketi ya duara utammaliza nani? Hiyo ya wastaafu."

Basi tukaenda dukani, hapa hapa Muskat. Muuzaji akanishushia raketi nyeusi yenye umbo la almasi, gramu 370, uzito wote umesogezwa kichwani ili mkono ukishuka, nayo ishuke na ghadhabu zake. Ndani sponji ngumu, nje kaboni, na uso wake unakwaruza ili mpira uondoke ukizunguka. Ya washambuliaji, akasema. Kuhusu eneo la kupigia kuwa dogo na kukaa juu karibu na ncha, na kwamba ukilikosa kiwiko kitapata habari, hayo aliyasema kwa sauti ya chini, kadi yangu ikiwa imeshapita kwenye mashine.

Haki yake nimpe: ukiupata mpira pale pale penyewe, mlio wake unasikika mpaka maegesho. Shida ni kupapata. Karibu na neti, raketi nzito kichwani hufika mpira ushapita. Na nguvu bila pembe kwenye padeli ni sadaka, maana mpira unagonga kioo cha nyuma na kurudi katikati ya uwanja, mpinzani anauchagulia pa kuupeleka. Usiku kiwiko kinawaka. Ikafika mahali siwezi kuinua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, mbele ya wakwe, haunywei kitu.

Sasa Alhamisi moja ya Julai tulikuwa uwanjani Al Khoudh, mtaa wa huku huku Muskat, saa tatu usiku, unyevu hewani unaweza kuukamua. Mama mkwe alikuwa garini, Land Cruiser nyeupe ya baba mkwe, kiyoyozi kinafanya kazi, anatusubiri tumpeleke harusini. Shemeji alikuwa amemwahidi seti moja tu. Ukiwajua wacheza padeli, ahadi hiyo unajua thamani yake.

Ukaja mpira wa juu, mzuri, wa taratibu, kama umeandikwa jina langu. Nikapiga kelele "Wangu!", nikarudi nyuma, nikainua almasi, nikashusha.

Nikasikia mkono mwepesi mno.

Mpira ulianguka miguuni pangu, ukadunda kwa adabu, ukatulia. Raketi ndiyo iliyoondoka. Ilipaa ikizunguka chini ya taa, kaboni inameremeta, ikavuka wavu wa pembeni bila kuugusa. Por tres safi kabisa. Halafu kukasikika kishindo cha bati, na kengele ya gari ya jirani ikaanza kulia kwa kushtuka.

Watu wataniuliza kamba ya mkononi, ambayo kanuni zinataka ivaliwe. Niliivaa! Kamba ilibaki kwenye kifundo changu cha mkono, nzima nzima. Kilichofunguka ni fundo la kwenye mpini, na fundo hilo lilifungwa dukani. Utetezi huu nimeutoa nyumbani mara nyingi na haujanisaidia chochote.

Wapinzani wetu, vijana wawili wapole wa Kiomani, waliuliza kwa heshima kama pointi ni yao. Ilikuwa yao.

"Shemeji," akasema mwenzangu akichungulia kwenye wavu, "ile si gari ya baba?"

Tulipofika, boneti ilikuwa na bonde. Mama mkwe ameshashuka, buibui lake halina hata kunyanzi, raketi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kitu gani hichi?"

"Raketi, mama."

Akajipepea nayo mara mbili, maana nje joto. Akaitazama matundu. "Hata upepo hakina." Kisha akaishika mwisho wa mpini, akaipandisha na kuishusha polepole, kimya, na alichokisema kilizidi maelezo yote ya dukani: "Mbona uzito wote uko huku juu? Hili shoka. Kakuuzia nani?"

"Dukani, mama. Ni ya washambuliaji."

"Haya. Na weye ushamshambulia nani?"

"Gari," akajibu shemeji, mtu ambaye raketi hiyo ilikuwa wazo lake.

Nikanyoosha mikono yote miwili kuipokea. Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma, akailaza juu ya kiti, kando ya zawadi ya bibi harusi, akafunga.

"Kesho ende ukaichukue kwa mkweo. Ndiye mwenye gari."