Kolibaki za data mubashara: zinapofaa na zinaposumbua
Anayejenga programu juu ya Firebase Realtime Database, hifadhidata ya mtandaoni ya Google, hana budi kuamua: asome data mara moja kwa get, au asajili kolibaki, yaani fanksheni ambayo maktaba ya Firebase huiita yenyewe kila data inapobadilika? Wengi hukimbilia kolibaki, na wana sababu. Muunganisho mmoja hubaki wazi, seva hutuma badiliko linapotokea, na programu haisumbuki kuuliza kila baada ya sekunde chache. Mtumiaji akiandika kitu, kolibaki huitwa papo hapo kabla seva haijathibitisha, hivyo skrini haichelewi.

Hapo hapo ndipo penye hatari. Seva ikikataa maandishi hayo, kolibaki huitwa tena na thamani ya zamani. Kwenye gumzo, hilo si neno. Kwenye malipo, usionyeshe "imelipwa" mpaka set, amri ya kuandika data, ikamilike.

Kisha kuna uzito. onValue, amri ya kusajili kolibaki, hukukabidhi tawi zima, yaani sehemu uliyoichagua na vyote vilivyo chini yake. Ukiisajili kwenye tawi lenye jumbe 2,000, ujumbe mmoja ukihaririwa, mtandaoni hupita badiliko tu, lakini fanksheni yako hupokea zote 2,000. Ukichora orodha nzima upya kila mara, simu dhaifu zitakwama. onChildAdded, inayokupa kimoja kimoja kila kinachoongezwa, ni afadhali, ila huanza kwa kuitwa mara moja kwa kila kilichomo tayari: ukiitumia kupiga kengele ya ujumbe mpya, mtu akifungua programu atapigiwa kengele 2,000. Panga kwa ufunguo, yaani jina la pekee la kila ujumbe, kisha tumia startAfter (anzia baada ya) na ufunguo wa ujumbe wa mwisho uliosomwa. Kwa orodha ya kawaida, limitToLast ya 50, yaani 50 za mwisho tu, inatosha.

Kwa wasifu, mipangilio na ripoti, get inatosha kabisa. Kolibaki hapo ni mzigo tu.

Kosa linalopoteza muda zaidi ni kutoziondoa. onValue hurudisha fanksheni ya kujiondoa. Iite skrini inapofungwa. Skrini ikifunguliwa mara tatu bila kufanya hivyo, badiliko moja litashughulikiwa mara tatu, na lawama ataangushiwa aliyeandika seva. Kuondoa kolibaki ya tawi la juu hakuondoi zilizosajiliwa kwenye matawi ya chini yake. Tena, ipe onValue fanksheni ya pili ya kupokea makosa: kanuni za usalama zikikunyima ruhusa, usajili hufutwa, na bila fanksheni hiyo mtumiaji atabaki akitazama skrini tupu isiyomwambia lolote.