Vikapu, saa na vyombo vya kauri: Waingereza hawakuwa wakificha

Katika kamusi ya maneno ya mitaani ambayo Francis Grose aliichapisha London mwaka 1785, kufanya mapenzi ni kusuka vikapu, au kutengeneza miguu ya kuvalishwa soksi za watoto. Kumbiringisha msichana nyasini ni kumvika gauni la kijani. Wengi wakikutana na misemo hii leo hucheka, kisha hutoa hukumu: Waingereza wa kale walikuwa wanafiki, jambo walilifanya ila kulitaja waliona haya. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini kwa sehemu kubwa inawaonea.

Shuleni tulifundishwa kwamba tafsida hupunguza ukali wa maneno: mama amejifungua, mtoto amekwenda haja. Sasa mtazame Iago katika Othello, tamthilia ya Shakespeare. Usiku anamwamsha mzee Brabantio na kumwambia kwamba binti yake na Othello wanafanya "mnyama mwenye migongo miwili". Hapo ukali umepunguzwa wapi? Iago anataka baba mtu aione picha yenyewe na damu imchemke. Angetumia neno la kawaida, maumivu ya mzee yangepungua.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ule wa kauri. Mwaka 1675 William Wycherley alionyesha tamthilia yenye mwanamume aitwaye Horner, ambaye ametangaza mjini kwamba hana tena nguvu za kiume, ili waume wasimwogope. Bibi mmoja anaingia chumbani kwake, ati kuchagua vyombo vya kauri, na mumewe yuko papo hapo nje ya mlango. Anatoka na chombo mkononi. Mwanamke mwingine naye anadai apewe chake. Horner anajibu kwamba kwa sasa zimemwishia. Mume anasikia kila neno na haelewi kitu, ilhali ukumbi mzima umeelewa. Kama ile kauri ilikuwa pazia, basi ilimfunika mtu mmoja tu, yule mume mpumbavu. Kisha katika tamthilia yake iliyofuata, Wycherley alimleta Olivia, mwanamke anayelalamika kwamba onyesho lile limeivunjia kauri heshima, hata ikambidi avunje vyombo vyake vyote vilivyonajisika. Na huyo Olivia, mwenye haya kuliko wote, ndiye mnafiki wa mchezo.

Saa nayo ilipatwa na hayohayo. Laurence Sterne alianza kitabu chake cha 1759 kwa baba ambaye kila Jumapili ya kwanza ya mwezi hutia saa ya nyumbani ufunguo, na usiku huohuo hutimiza wajibu wake kwa mkewe. Usiku wa kutungwa mimba ya Tristram, msimulizi wa kitabu hicho, mke anamkatiza katikati ya shughuli: mpenzi, hujasahau kutia saa ufunguo? Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha dhihaka kwa jina la mafundi saa, wakilia kwamba biashara imeharibika kwa kuwa mwanamke mwenye adabu hathubutu tena kuitaja saa. Ndivyo msemo wa mzaha unavyofanya kazi. Tendo halifichiki hata kidogo. Kinachopoteza usafi wake ni chombo kisicho na hatia kilichokopeshwa jina.

Wanaopinga wana mambo mawili mazito. Kwanza, mgonjwa mbele ya daktari na shahidi mahakamani wanahitaji maneno yasiyo na mafumbo, maana kicheko kinaweza kufunika madhara. Hapo sibishani nao. Pili, mingi ya misemo hii inanuka ulevi wa wanaume. Lile gauni la kijani ni madoa ya nyasi kwenye nguo ya msichana, yeye ndiye wa kuulizwa nyumbani. Nguo ya mwanamume haitajwi. Hilo linaniuma pia. Lakini fungua kamusi ileile ya Grose pale anapofikia jina la wazi la uke: anaweka nyota mahali pa herufi za katikati, kisha anaandika kwamba ni jina chafu la kitu kichafu. Dharau kubwa kuliko zote imekaa kwenye neno la wazi, wala si kwenye vikapu.

Waliokuwa wakificha kweli walikuja baadaye. Thomas Bowdler, katika toleo lake la Shakespeare kwa ajili ya familia la 1818, alimfukuza mnyama wa migongo miwili na kuandika tu kwamba binti na Mmoor, yaani Othello, sasa wako pamoja. Alipomaliza kusafisha, ikambidi akiri kwamba Othello bado haifai kusomwa mbele ya familia, kwa sababu wivu wa tamthilia ile hausimami bila mwili. Hao ndio wa kulaumiwa kwa unafiki, si wasuka vikapu.