Amplifaya Inayochemka Bila Kupiga Muziki

Amplifaya ikiwashwa bila muziki wowote, na dakika chache baadaye bamba lake la kupozea likawa halishikiki, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha transista. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi siku nilipounga osiloskopu, yaani kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, kwenye vituo vya spika nikakuta wimbi la karibu megahezi moja likicheza pale, wakati sikio la binadamu hukomea kwenye kilohezi 20 hivi.

Kwa maoni yangu, mtetemo wa namna hii, usiosikika lakini unaoichemsha amplifaya, mara nyingi hutokana na mpangilio wa waya kuliko kifaa kilichokufa. Amplifaya nyingi hurudisha sehemu ya sauti inayotoka, ikiwa imegeuzwa, ili isahihishe makosa yake. Lakini kila hatua ya saketi huichelewesha ishara kidogo, na katika masafa ya juu ucheleweshaji huo ukifika nyuzi 180, yaani nusu ya mzunguko wa wimbi, kabla nguvu ya marejeo hayo haijapungua vya kutosha, kilichowekwa kusahihisha hugeuka kuchochea.

Kwa hiyo mimi huanza na vitu vidogo. Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya nanofaradi 100 inayolinda umeme wa chipu sharti ikae kandokando ya miguu yake, maana sentimita chache za waya huipunguzia faida yake. Kisha hutafuta rezista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme) ya omu 10 iliyofuatana na kapasita nyingine kama hiyo, kutoka kwenye tokeo la sauti kwenda ethi, yaani waya wa volti sifuri. Jozi hiyo huonekana kama pambo, na wapo wanaoiondoa, ilhali ndiyo inayoipa amplifaya mzigo tulivu katika masafa ambamo spika na waya wake mrefu havitabiriki. Rezista hiyo ikiwa imeungua na kuwa nyeusi, sihitaji ushahidi mwingine.

Osiloskopu nayo inaweza kudanganya: waya wake wa kupimia, swichi yake ikiwekwa kwenye mara moja (1x) badala ya mara kumi (10x), huongeza takriban pikofaradi 100, na hizo zinaweza kuanzisha mtetemo ambao haukuwapo. Wanaochomoa chipu ya zamani na kuweka yenye kasi zaidi kwa jina la kuboresha ndio hunishangaza; saketi iliyotulia kwa chipu ya polepole huweza kuvurugika siku hiyo hiyo.

Spika ikitoa mlio wa put-put-put kama injini ya mashua, hilo ni jambo jingine: hapo hukagua kwanza kapasita kubwa ya kutuliza umeme unaoilisha amplifaya, ambayo huenda imekauka.