Bibi Harusi Aliyekabidhi Roho

Dakika ya kwanza manukuu, yaani maandishi ya chini ya video, yalichelewa sekunde mbili na nusu, tukavumilia. Bibi ndiye msomaji wa nyumba, anasoma kwa sauti na haruki neno. Tamthilia ilikuwa ya mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, nami nilikaa na kompyuta mapajani nikibonyeza G.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kila ukibonyeza G manukuu yanawahi milisekunde 50, H inayachelewesha. Ni dawa ya manukuu yaliyochelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Yetu yalikuwa na ugonjwa mwingine: yalipangiwa video ya fremu (picha) 23.976 kwa sekunde, na video yetu ilikuwa ya fremu 25, mbio zaidi. Kila dakika yaliachwa nyuma sekunde mbili na nusu nyingine. Kuyafukuza hadi dakika ya 50 kungetaka kubonyeza G zaidi ya mara 2,500, na kila ukibonyeza, muda unaandikwa kwenye skrini. Nilipofika mara ya hamsini Mama akapiga marufuku: namzibia mfalme uso.

Basi yakaachwa yajiendee. Mbwa wa ikulu alibweka, Bibi akasoma: “Nakupenda kuliko taji langu.” Askofu mkuu alifungua kinywa akaagiza nguo za ndani za hariri. Mjomba alitikisa kichwa, akasema alishawashuku maaskofu siku nyingi.

Ikafika Mei 1536. Anne Boleyn, mke wa mfalme, alikatwa kichwa tarehe 19, kwa upanga badala ya shoka, na tarehe 30 mfalme akamwoa Jane Seymour. Watengenezaji wa tamthilia hawana subira ya siku kumi na moja. Wanabandika kifo na harusi pamoja. Wakati huo manukuu yalikuwa nyuma dakika mbili na ushei. Anne akapiga magoti, Bibi akasoma: “Leteni mvinyo zaidi!” Kisha Jane, shela kichwani, akamgeukia mumewe, na Bibi akasoma taratibu: “Ee Yesu, ipokee roho yangu.”

“Huyu ana akili,” Shangazi akasema. “Ameshajua kaolewa na nani.”

Mjomba akaitikia amina.

Kabla ya sehemu iliyofuata niliyapitisha manukuu kwenye Subtitle Edit, programu ya kuyarekebisha, nikabadilisha kasi ya fremu kutoka 23.976 kwenda 25. Yakanyooka. Bibi alisoma robo saa, akavua miwani, akauliza mbona leo mbwa hasemi.