Faili za bima Goma: kabla ya skana, zichambuliwe

Mwezi uliopita nilinunua karanga Birere, mtaa wa biashara hapa Goma. Mama muuzaji alizifunga kwenye karatasi ambayo niliisoma nilipofika nyumbani: boni (hati) ya dawa ya mutueli moja ya afya, yaani chama cha kuchangia matibabu, yenye jina la mwanamke, namba yake ya mwanachama, mtaa anaokaa, na chini yake, kwa bik ya buluu, dawa za kupunguza makali ya VVU. Niliichoma papo hapo. Ilikuwa imepita mikono mingapi kabla ya yangu?

Kwa hiyo wanaotaka mutueli na kampuni za bima zihamishie faili kwenye kompyuta siwapingi. Hapa Goma wana hoja nzito. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaunguza kila ilichokuta njiani. 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi karibu na uwanja wa ndege. Watu walikimbia na watoto na magodoro, si na fishi (kadi) za hospitali. Mgonjwa wa kisukari anayekimbilia mji jirani wa Sake bila fishi yake anaanza vipimo upya, wakati dawa zimemwishia.

Wenye wasiwasi nao wana haki. Wa kuiba karatasi atabeba boksi moja au mawili; flashi moja inabeba wanachama wote. Singapore, yenye fedha na mafundi, ilitangaza Januari 2019 kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU zimevujishwa kwenye intaneti. Daktari mmoja alikuwa na ruhusa ya kuziona; aliyezivujisha ni mtu wake wa karibu. Sisi nasi tuliona mji ukibadilisha mikono Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka. Anayeingia ofisini anakuta kabati na kompyuta pamoja.

Hilo la mwisho lina dawa: data ifungwe kwa usimbaji, yaani isisomeke bila ufunguo maalumu, na ufunguo huo ukae nje ya mkoa. Kinachonitisha zaidi kiko mezani, siku ya kuskana. Vibarua wanalipwa kwa idadi ya kurasa. Umeme ukikatika, wanapiga picha kwa simu zao na kuzituma kwa WhatsApp. Jioni kila mmoja anaondoka na matokeo ya vipimo vya majirani zake mfukoni.

Na mbona vipimo hivyo viskaniwe? Mhasibu wa bima, ili alipe hospitali, anahitaji namba ya mwanachama, tarehe, huduma na bei. Ugonjwa wenyewe unamhusu daktari mshauri wa bima peke yake. Lakini katika faili zetu za zamani risiti imebanwa pini moja na cheti cha mama aliyebakwa. Sheria ya Kongo ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mwenye VVU, na Kanuni ya Dijitali (Code du numérique) ya 13 Machi 2023 inalinda data za mtu. Kwa vitendo, zote mbili hazimfikii kibarua mwenye simu. Muuguzi aliyeapa kutunza siri atenganishe karatasi kwanza, hata kama kazi itachukua miezi sita zaidi. Mimi ningesubiri.

Kisha karatasi zilizokwisha kuskaniwa na kukaguliwa zichomwe mbele ya mashahidi. Nilirudi Birere kumuuliza yule mama. Alizinunua kwa kilo, na chini ya meza yake rundo lililobaki lilinifika magotini. Nikamlipa lote.