Si kila homa ni malaria
Nimesoma habari juu ya MIS-C, ugonjwa unaovimbisha viungo vya ndani ya mwili; inasema huwapata watoto wiki 2 hadi 6 baada ya korona. Hapo ndipo wazazi tunapopotea. Huku Goma mtoto akichemka tu, ni malaria, vidonge vya pale njiani, basi. Wangu mwaka 2021 alichemka siku tano, macho mekundu kama aliyeshinda kwenye moshi wa makaa, ulimi umeiva kama nyanya, tumbo linamuuma. Korona yenyewe ilimpitia kama mafua, tulishaisahau! Kipimo cha malaria, hakuna kitu. Muganga wa pili ndiye aliyeuliza: "Mwezi uliopita nani aliugua nyumbani?" Kisha akamsikiliza moyo, muda mrefu. Mwandishi wa habari hiyo angetueleza zaidi juu ya huo moyo, maana nao huumia.